June Carter: aliimba tangu utoto kwa miaka 64, heshima ikamfikia miaka 22 baada ya kifo

Mwaka 2025, Jumba la Heshima la muziki wa kantri, lililo mjini Nashville nchini Marekani, lilimwingiza June Carter Cash katika orodha ya magwiji wake. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu afariki dunia. Mama yake aliingia humo mwaka 1970. Bwana yake, Johnny Cash, aliingia mwaka 1980. Yeye aliyeanza kazi hii akiwa mtoto wa miaka 10 ndiye aliyengoja kuliko wote.

Watu wengi wanamjua kama bibi ya Johnny Cash, yule mwimbaji wa sauti nzito aliyependa kuvaa nguo nyeusi. Lakini mwaka 1955, Johnny alipotoa sahani yake ya kwanza, June alikuwa tayari na miaka 16 ya kazi mbele ya mikrofoni. Alikuwa ameimba, amepiga ala, amechekesha watu, amesoma matangazo ya biashara kwenye radio na amezunguka majimbo mengi kwa gari. Hata hivyo, karibu maisha yake yote alifanya kazi chini ya jina la mtu mwingine: kwanza jina la jamaa yake, kisha jina la bwana yake.

Jamaa iliyokuta muziki nyumbani

Valerie June Carter alizaliwa tarehe 23 mwezi wa sita mwaka 1929 huko Maces Spring, kijiji cha milimani katika jimbo la Virginia. Bonde lao liliitwa Poor Valley, maana yake Bonde la Umaskini. Baba yake, Ezra Carter, alikuwa mfanyakazi wa posta ya reli. Mama yake, Maybelle, alikuwa mpiga gitaa. June alikuwa mtoto wa pili kati ya mabinti watatu: Helen alimtangulia, Anita akamfuata.

Muziki wa kantri ni muziki wa watu wa mashamba na milima ya kusini mwa Marekani. Ndani yake mna nyimbo zilizoletwa na wahamiaji kutoka Uingereza, Scotland na Ireland, nyimbo za kanisani, na muziki wa watu weusi waliotoka utumwani. Hata banjo, ala inayosikika sana katika muziki huo, asili yake ni Afrika ya magharibi.

Miaka miwili kabla June azaliwe, jambo moja lilibadilisha maisha ya jamaa hiyo. Mwezi wa saba mwaka 1927, mtayarishaji wa muziki Ralph Peer alifika Bristol, mji uliogawanyika kati ya majimbo ya Tennessee na Virginia, akiwa na mitambo ya kunasa sauti ya kampuni ya Victor. Baba mkubwa wa June, A.P. Carter, aliazima gari la mdogo wake Ezra na kwenda huko pamoja na bibi yake Sara na Maybelle. Maybelle alikuwa na miaka 18 na alikuwa karibu kujifungua Helen. Kwa siku mbili walirekodi nyimbo 6. Sahani hizo zilinunuliwa sana, na jina la Carter Family likaenea kote nchini.

Maybelle alikuwa na namna yake ya kupiga gitaa. Kidole gumba kilipiga sauti ya wimbo juu ya nyuzi nene, huku vidole vingine vikipitia nyuzi nyembamba ili kutunza mwendo. Tangu hapo gitaa halikuwa tena ala ya kusindikiza tu. Liliweza kubeba wimbo lenyewe. Wapiga gitaa wengi wa Marekani walijifunza namna hiyo.

Swali la nani hupewa jina juu ya kazi lilikuwa tayari ndani ya jamaa hiyo. A.P. Carter alizunguka vijijini kukusanya nyimbo za zamani, na nyingi aliziandikisha kwa jina lake. Katika safari hizo aliandamana mara nyingi na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi wa Kingsport, Tennessee. Riddle alikuwa na kipaji cha kushika sauti ya wimbo kichwani wakati A.P. akiandika maneno, na Maybelle alijifunza mengi kwake. Jina lake halikuonekana juu ya sahani.

Mtoto kwenye radio ya mpakani

Kunako mwaka 1938, Carter Family walipata mkataba na radio XERA. Mitambo yake ilikuwa upande wa Mexico, ng'ambo ya mto Rio Grande, ikitazamana na mji wa Del Rio wa jimbo la Texas. Mwenye radio hiyo alikuwa John R. Brinkley, aliyetajirika kwa kuahidi kuwarudishia wanaume nguvu zao kwa kuwapandikizia tezi za mbuzi. Jimbo la Kansas lilipomnyang'anya ruhusa ya kufanya kazi ya udaktari, alihamia mpakani. Nchini Marekani sheria haikuruhusu radio kuzidi nguvu ya wati 50 000. Upande wa Mexico sheria hiyo haikumfikia, na sauti ya XERA ilisikika hadi Kanada.

Mwaka 1939, June aliingia katika vipindi hivyo pamoja na dada zake. Alikuwa na miaka 10. Kwake haikuwa mchezo wa watoto. Kampuni ya dawa iliyolipia kipindi ilitaka watu wasikilize na wanunue, na jamaa ilihitaji pesa katika miaka ile ya shida kubwa ya uchumi. Kila mtoto aliyeweza kuimba alikuwa mkono wa kazi.

Kati ya wasikilizaji wa radio hiyo alikuwemo mtoto mmoja wa wakulima wa pamba huko Dyess, jimbo la Arkansas. Jina lake John Cash, mdogo kwa June kwa miaka karibu mitatu. Alisikia sauti za akina Carter nyumbani kwao miaka mingi kabla ya kukutana nao uso kwa uso.

Sauti isiyotosha, kicheko kilichotosha

Mwaka 1943 kundi la kwanza lilivunjika. A.P. na Sara walikuwa wameachana tangu miaka ya 1930, na Sara hakutaka tena maisha ya barabarani. Maybelle hakuacha. Aliunda kundi jipya na mabinti zake watatu, na wakaanza kuimba kwenye radio za Richmond, jimboni Virginia. June alikuwa na miaka 14 wakati huo. Alimalizia masomo ya sekondari katika mji huo huku akifanya kazi ya muziki.

Hapo ndipo alipokutana na tatizo. Anita alikuwa na sauti safi ambayo wanamuziki wengi waliistaajabia. Helen aliweza kupiga ala kadhaa kwa ustadi. June hakuwa na sauti ya namna hiyo, na alipata shida kuishika noti bila kuteleza. Katika jamaa nyingine, mtoto kama huyo angeambiwa akae nyuma. Lakini kundi lilikuwa la watu wanne tu, na kila mmoja alipaswa kubeba sehemu yake.

June alijifunza otohapu, ala ya nyuzi nyingi yenye vibonyezo, ambayo mpigaji huweza kuishika kifuani. Kisha akachukua kazi ambayo hakuna mwingine kundini aliyeitaka: kuchekesha watu. Alijitungia mtu wa mchezo aliyemwita Shangazi Polly, mwanamke wa kijijini mwenye mavazi ya ajabu, anayesema kila kinachomjia kichwani. Alikimbia jukwaani, aliwakatiza wenzake maneno, alijicheka mwenyewe kabla watu hawajamcheka. Noti ilipoteleza, kicheko kiliifunika.

Ustadi huo ulimpatia chakula kwa miaka mingi. Ulimfunza kusoma watu waliokaa mbele yake, kujua wakati wa kunyamaza na wakati wa kusema, na kuongoza onyesho lote. Vilevile ulikuwa na bei yake: watu walizoea kumwona kama yule wa kuchekesha, na walichelewa kumwona kama mwimbaji au mtunzi. Mwaka 1949 alisikika kwenye sahani pamoja na wachekeshaji Homer na Jethro, katika wimbo uliofika kati ya 10 za kwanza za kantri. Huo nao ulikuwa wimbo wa kuchekesha.

Barabara ya Nashville

Kutoka Richmond walienda Knoxville, kisha Springfield katika jimbo la Missouri. Mara nyingi Maybelle mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Huko Knoxville walimchukua kijana mmoja mpiga gitaa ambaye bado hakuwa na jina kubwa, Chet Atkins. Wakuu wa Grand Ole Opry, onyesho kubwa la radio la Nashville, walipowaita akina Carter, hawakumtaka Atkins. Jamaa ilikataa kwenda bila yeye. Mwishowe, mwaka 1950, wote waliingia pamoja, na Atkins akawa mmoja wa wapiga gitaa na watayarishaji wakubwa wa mji huo.

Mwaka 1952 June aliolewa na Carl Smith, mwimbaji wa kantri aliyekuwa na jina sana wakati huo. Mwaka 1955 walipata mtoto mwanamke, Carlene, ambaye naye alikuja kuwa mwimbaji. Mwaka uliofuata ndoa ilivunjika. Karibu na wakati huo kundi la mama yake lilizunguka na kijana Elvis Presley, likifungua maonyesho yake.

Baada ya kuachana na Smith, June alifuata njia ambayo waimbaji wachache wa kantri waliifuata. Mwongozaji wa filamu Elia Kazan alikuwa amemwona jukwaani na kumshauri asomee uigizaji. Alienda New York na kusoma katika Neighborhood Playhouse, kwa mwalimu Sanford Meisner. Alipata nafasi katika michezo ya televisheni, kama vile Gunsmoke. Lakini alikuwa na mtoto wa kulea, na kazi iliyompa riziki ilikuwa Nashville. Aliolewa mara ya pili mwaka 1957, akapata mtoto mwanamke wa pili mwaka 1958. Ndoa hiyo nayo ilivunjika mwaka 1966.

Wimbo wa moto

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, June aliingia katika kundi la maonyesho la Johnny Cash. Walikuwa wamekwisha kujuana tangu mwaka 1956, nyuma ya jukwaa la Opry. Sasa walisafiri pamoja wiki kwa wiki. Johnny alikuwa na bibi na watoto wanne. June pia alikuwa na bwana. Na Johnny alikuwa mtumwa wa vidonge vya kulevya.

Katika hali hiyo June aliandika, pamoja na mtunzi Merle Kilgore, wimbo Ring of Fire, unaofananisha mapenzi na duara la moto. Wa kwanza kuurekodi alikuwa dada yake Anita. Haukuuzwa sana. Mwezi wa tatu mwaka 1963 Johnny aliurekodi upya, akaongeza tarumbeta za mtindo wa Mexico, ambazo alisema alizisikia katika ndoto. Wimbo ulikaa wiki 7 nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri. Hadi leo ni kati ya nyimbo zake zinazojulikana zaidi duniani, na wasikilizaji wengi hudhani aliutunga mwenyewe.

Wako hata walioandika hivyo. Mwaka 2007 kilitoka kitabu cha Vivian Liberto, bibi wa kwanza wa Johnny, aliyekuwa amefariki mwaka 2005. Ndani yake Vivian alidai kwamba Johnny ndiye mtunzi, na kwamba alimpa June jina la mtunzi kwa sababu alihitaji pesa. Kilgore, aliyefariki pia mwaka 2005, alikuwa ameeleza kila mara kwamba aliutunga pamoja na June. Wakati kitabu kinatoka, June, Johnny, Vivian na Kilgore wote walikuwa wamekufa. Katika karatasi za haki za watunzi, majina ni yale yale ya tangu mwanzo: June Carter na Merle Kilgore.

Vivian naye alikuwa na machungu ya kweli: alibaki nyumbani na watoto wanne wakati bwana yake alikuwa barabarani na mwanamke mwingine. Historia ya mapenzi ya June na Johnny ambayo filamu zinaipamba ilivunja nyumba, na wale walioumizwa nayo hawakuisahau.

Bibi ya Johnny Cash

Mwaka 1967 June na Johnny walitoa wimbo Jackson, mazungumzo ya bwana na bibi wanaogombana kwa maneno makali na vichekesho. Hapo ule ustadi wa Shangazi Polly ulipata mahali pake: June alimjibu Johnny neno kwa neno, bila kumwogopa. Wimbo ulifika nafasi ya pili katika orodha ya kantri na kuwapatia tuzo ya Grammy mwaka 1968.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1967, June na wazazi wake walikaa nyumbani kwa Johnny huko Hendersonville, karibu na Nashville, kumsaidia aachane na vidonge. Tarehe 13 mwezi wa kwanza 1968, June alikuwa naye ndani ya gereza la Folsom, California, waliporekodi onyesho mbele ya wafungwa. Mwezi uliofuata, Johnny alimwomba amuoe, mbele ya watu wote, jukwaani huko London, mji wa jimbo la Ontario nchini Kanada. Walifunga ndoa tarehe 1 mwezi wa tatu 1968 huko Franklin, jimbo la Kentucky. Mtoto wao wa pekee, John Carter Cash, alizaliwa mwaka 1970. Pamoja na watoto wa ndoa za kwanza, nyumba ilikuwa na watoto saba.

Kuanzia hapo kazi yake yote iliingia ndani ya kazi ya bwana yake. Walienda pamoja Vietnam mwaka 1969 kuimbia askari wa Marekani. Kati ya 1969 na 1971 alionekana mara nyingi, pamoja na mama yake na dada zake, katika kipindi cha televisheni cha Johnny. Walipata Grammy nyingine pamoja kwa wimbo If I Were a Carpenter. Johnny alirudia vidonge mara zaidi ya moja, na kila mara June alirudia kazi ile ile ya kumsimamisha.

Sahani yake mwenyewe, albamu ya kwanza kwa jina lake peke yake, ilitoka mwaka 1975: Appalachian Pride. Alikuwa na miaka 36 ya kazi. Ya pili ilingoja hadi mwaka 1999. Katikati hapo aliandika vitabu viwili juu ya maisha yake, mwaka 1979 na mwaka 1987, alimzika mama yake mwaka 1978, na aliigiza katika filamu The Apostle ya mwaka 1997, akiwa mama wa mhusika mkuu aliyechezwa na Robert Duvall.

Kurudi bondeni

Albamu ile ya 1999, Press On, ilitolewa na kampuni ndogo. Hakukuwa na mbwembwe ndani yake: magitaa, otohapu, na sauti ya mwanamke wa miaka karibu 70 isiyojaribu tena kuficha mikwaruzo yake. Ilipata Grammy mwaka 2000. Kwa mara ya kwanza, tuzo hiyo haikuwa na jina la bwana yake kando ya jina lake. Lakini dada zake hawakuwepo kuiona: Helen alifariki mwaka 1998, Anita mwaka 1999. Kati ya wale wanne waliotoka Richmond kwa gari, yeye peke yake alibaki.

Kazi yake ya mwisho, Wildwood Flower, iliyosimamiwa na mtoto wake John Carter, ilirudi kwenye nyimbo za kale za jamaa. Sehemu yake ilirekodiwa kulekule bondeni Virginia alikozaliwa. Hakuwahi kuiona madukani. Tarehe 15 mwezi wa tano 2003 alifariki mjini Nashville, baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 73. Johnny, aliyekuwa mgonjwa kwa miaka kadhaa na ambaye wengi walidhani angetangulia, aliendelea kurekodi karibu hadi siku zake za mwisho. Alifariki tarehe 12 mwezi wa tisa mwaka huohuo, karibu miezi minne baada ya bibi yake.

Mwaka 2004 albamu hiyo ya mwisho ilipata Grammy mbili, moja kati yake ikiwa ya mwimbaji bora wa kike wa kantri. June, ambaye tangu utoto aliona sauti yake kuwa dhaifu kuliko za dada zake, alipewa tuzo ya uimbaji baada ya kunyamaza.

Kisha ikaja filamu Walk the Line, mwaka 2005. Reese Witherspoon aliyeigiza nafasi ya June alipata tuzo ya Oscar. Filamu hiyo ilileta mashabiki wapya, lakini kwa wengi iliimarisha picha ile ile: mwanamke aliyemwokoa mwanamume mwenye kipaji. Si uongo, ila ni kipande tu cha maisha yake. Ilibidi miaka 20 mingine ipite kabla ya jina lake kuwekwa Nashville kwa ajili ya kazi yake mwenyewe.

Anayetaka kumjua leo anaweza kuanza na Jackson, asikilize jinsi anavyomjibu bwana yake, kisha asikilize Ring of Fire katika sauti ya Anita kabla ya ile ya Johnny. Mwisho asikilize Press On, ambamo June anaimba kwa jina lake mwenyewe, miaka 60 baada ya siku zile za radio ya mpakani.